Aya ya Mashahidi Watatu: Historia ya Maneno Yaliyomo Ndani ya Mabano



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, makala hii imetokana na aibu iliyotupata darasani. Katika madrasa yetu yupo kijana wa miaka kumi na mitano ambaye mama yake alisilimu kabla ya kuolewa, na jamaa wote wa upande wa mama ni Wakristo. Mjomba wake mkubwa ni katekista. Likizo ilipofika kijana alikwenda kuwasalimia, na baada ya chakula cha jioni akaona ni wakati mzuri wa kufanya daawa. Akamwambia mjomba wake kwamba Biblia iliandikwa kwenye mkutano wa Nikea mwaka 325, na kwamba Utatu ulizuliwa siku hiyo hiyo kwa kupigiwa kura. Mjomba hakukasirika. Alimwuliza tu, "Haya mjomba, hayo kakufundisha nani?" Kijana akajibu, "Ustadhi wetu." Mjomba akasema, "Basi ukirudi muulize ni kitabu gani cha Biblia kilichoandikwa Nikea. Kimoja tu kinanitosha."

Kijana alirudi akatuuliza swali hilo mbele ya wenzake wote. Hatukuwa na jibu. Tulimwambia asubiri wiki moja, na wiki hiyo ikawa miezi mitatu ya kusoma. Tulichokikuta ni kwamba nusu ya yale tuliyokuwa tukiyafundisha juu ya jambo hili hayakuwa sahihi. Tuliyasikia mihadharani, tukayapenda, tukayapokea bila kuyachunguza. Tulikuta pia kwamba hoja yenye nguvu zaidi tulikuwa tumeiacha, nayo imo ndani ya Biblia ileile iliyokuwa mezani kwa mjomba.

KILICHOTOKEA NIKEA

Tuanze na kosa letu. Nikea ni mji ambao leo unaitwa İznik, nchini Uturuki. Mwaka 325 Mfalme Constantine wa Rumi aliwaita maaskofu huko kwa sababu ya mzozo ulioanzia Alexandria, Misri, baina ya Askofu Alexander na kasisi wake aliyeitwa Arius. Arius alifundisha kuwa Mwana ni kiumbe, kwamba Mungu alimuumba kabla ya viumbe wengine, na kwamba hakuwapo kabla ya kuumbwa. Mapokeo ya kanisa yanasema maaskofu waliohudhuria walikuwa 318. Walitoa tamko la imani lenye neno la Kigiriki lenye maana kwamba Mwana ni wa dhati moja na Baba. Maaskofu wawili wa pande za Libya, Secundus na Theonas, walikataa kutia saini, wakapelekwa uhamishoni pamoja na Arius.

Katika mkutano huo hakikuandikwa kitabu chochote cha Biblia. Vitabu vya Agano Jipya vilikuwa vimekwisha kuandikwa zamani na vikisomwa makanisani. Orodha ya vitabu 27, kama ilivyo leo, tunaikuta katika barua ya Pasaka aliyoiandika Athanasius, askofu wa Alexandria, mwaka 367, yaani zaidi ya miaka arobaini baada ya Nikea. Wala itikadi ya Utatu haikukamilika pale. Kuhusu Roho Mtakatifu tamko la Nikea lilisema kwa maneno machache tu kwamba wanamwamini, likaishia hapo. Maelezo marefu zaidi yalikuja kwenye mkutano wa Constantinople mwaka 381.

Kati ya mikutano hiyo miwili mambo yalikwenda mbele na kurudi nyuma. Constantine mwenyewe alipokaribia kufa mwaka 337 alibatizwa na Eusebius wa Nicomedia, askofu aliyekuwa upande wa Arius. Athanasius, mtetezi mkubwa wa tamko la Nikea, alifukuzwa mjini kwake mara tano. Mwaka 380 Mfalme Theodosius akatoa amri kwamba raia wake wafuate imani ya Utatu, na hapo dola ikawa imesimama upande mmoja.

Kwa hiyo mtu akisema kwamba itikadi hii ilichukua muda mrefu kutengenezwa, na kwamba wafalme waliingiza mkono wao, amesema jambo linalothibitika. Akisema Biblia iliandikwa Nikea amesema uongo, hata kama nia yake ni kuitetea haki. Tuliwaambia wanafunzi wetu hivyo hivyo, na tuliona uzito wake, kwa sababu tuliokuwa tukiyasema ni sisi.

MABANO KATIKA BIBLIA YA MJOMBA

Biblia aliyokuwa nayo mjomba ni ile ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyotoka mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika nyumba za ndugu zetu Wakristo wanaosoma Kiswahili. Fungua humo Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, aya ya 7 na ya 8. Mwandishi anataja mashahidi watatu wanaomshuhudia Issa (A.S.), nao ni Roho, maji na damu. Lakini katikati ya sentensi utaona mabano ya mraba, na ndani ya mabano wamo mashahidi wengine watatu. Hawa ni wa mbinguni: Baba, Neno na Roho Mtakatifu, na inasemwa kwamba hao watatu ni kitu kimoja. Kisha mabano yanafungwa na maneno yanaendelea na mashahidi wa duniani.

Ukichukua tafsiri ya Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, maneno hayo ya mbinguni huyakuti katika aya. Kuna Roho, maji na damu, basi.

Ndugu msomaji, hili si jambo dogo. Katika Biblia yote hakuna mahali pengine panaposema kwa uwazi namna hii kwamba Baba, Neno na Roho ni watatu na ni kitu kimoja. Kwa karne nyingi mapadri na wachungaji waliitegemea aya hii walipotaka ushahidi wa maandishi wa neno kwa neno. Sasa kwa nini wafasiri Wakristo, wanaoiamini Biblia, wakaifungia ndani ya mabano, na wengine wakaiondoa?

Jibu lao wenyewe ni kwamba maneno hayo hayamo katika nakala za zamani. Kabla ya mitambo ya kuchapa, kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono. Nakala kongwe za Kigiriki zenye Biblia karibu yote ni Vaticanus, iliyoko Roma, na Sinaiticus, zote za karne ya 4, ikifuatiwa na Alexandrinus ya karne ya 5. Waraka huu wa Yohana umo katika zote tatu, na maneno yale hayamo hata katika moja. Sinaiticus ilitoka katika monasteri ya Mtakatifu Katherine chini ya Mlima Sinai, ikafika Urusi katika karne ya 19, na mwaka 1933 serikali ya Kisovieti ikaiuza kwa Waingereza kwa pauni 100,000. Sehemu yake kubwa iko London, na tangu mwaka 2009 kurasa zake zimewekwa kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuzitazama.

Hayamo pia katika tafsiri za kale za Kisiria, za Kikopti cha Misri, wala za Kigeez cha jirani zetu wa Ethiopia. Miongoni mwa mamia ya nakala za mkono za Kigiriki zenye waraka huu, zenye maneno hayo ni kiasi cha kumi tu, zote za zama za mwisho, na katika baadhi yake yameandikwa pembeni mwa ukurasa kwa mkono wa mtu mwingine aliyekuja baadaye.

Kuna jambo lingine lililotushangaza zaidi. Katika mabishano yale makali na wafuasi wa Arius, wanazuoni wa Kigiriki wa upande wa Utatu, akiwemo Athanasius mwenyewe, walipekua Maandiko yote kutafuta hoja. Aya hii hawakuitumia. Ingekuwa mikononi mwao wangeitaja mwanzo kabisa.

Wapo Wakristo wanaoitetea hadi leo. Husema kwamba wanakili waliruka mstari kwa bahati mbaya, kwa kuwa maneno ya mashahidi wa mbinguni na wa duniani yanafanana. Kweli, jicho la mnakili huruka. Lakini jicho haliwezi kuruka mahali palepale Misri, Sham, Uhabeshi na Ugiriki, kwa lugha mbalimbali, kwa zaidi ya miaka elfu.

IDRAAJ

Wanafunzi wetu waliosoma Mustalahul Hadith wanajua aina ya hadithi inayoitwa mudraj. Ni pale maneno ya mpokezi yanapoingia ndani ya maneno ya Mtume (S.A.W.), kwa sababu mpokezi alifafanua jambo na aliyemsikiliza akadhani ufafanuzi huo ni sehemu ya hadithi. Mfano unaosomeshwa sana ni ule wa Abu Hurayra (R.A.) alipowahimiza watu wautimize udhu vizuri, kisha akaitaja hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayoonya kuhusu visigino kuachwa vikavu. Baadhi ya wapokezi waliyaunganisha maneno mawili hayo yakawa kitu kimoja. Maulamaa wakalinganisha njia za upokezi, wakaona ni wapi anapoishia Abu Hurayra na wapi inapoanzia hadithi, wakayatenganisha. Al-Khatib al-Baghdadi aliandika kitabu kizima juu ya mlango huu.

Tulipowaeleza wanafunzi kwamba aya ya mashahidi watatu ni idraaj, walielewa mara moja, kuliko maelezo yetu yote ya nyuma. Na njia iliyopitia inafuatika vizuri, tena inapita Afrika. Cyprian, askofu wa Carthage katika Tunisia ya leo, aliyeuawa mwaka 258, aliandika kuwa imeandikwa juu ya Baba, Mwana na Roho kwamba watatu hao ni kitu kimoja. Wataalamu wanabishana kama alikuwa na aya hiyo mbele yake au alikuwa anafasiri Roho, maji na damu. Augustine wa Hippo, katika Algeria ya leo, aliyekufa mwaka 430, alipomjibu Maximinus, askofu mfuasi wa Arius, alieleza kwamba Roho, maji na damu ni ishara za Utatu. Tazama vizuri: Augustine alihitaji kufasiri. Kama mashahidi wa mbinguni wangekuwamo kwenye nakala yake, angewasoma tu na kumaliza maneno.

Maneno yenyewe kama aya yanaonekana kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Kilatini cha Hispania, cha karne ya 4, kinachonasibishwa na Priscillian, askofu wa Avila, ambaye dola ilimuua mnamo mwaka 385. Kisha mwaka 484 Huneric, mfalme wa Wavandali waliotawala Carthage, aliyefuata madhehebu ya Arius, aliwaita maaskofu wa Utatu wajieleze mbele yake. Katika tamko lao la imani waliitaja aya hii kama hoja iliyo wazi kuliko jua. Kwa hiyo katika nchi za Kilatini, ufafanuzi ulioanza kama maelezo ya pembeni ulikuwa umeshaingia ndani ya matini. Nakala kongwe za tafsiri ya Kilatini iitwayo Vulgata, kama ile ya Fulda ya karne ya 6, zilikuwa bado hazina maneno hayo. Zilizonakiliwa baadaye nyingi zinayo.

Hatusemi kwamba kuna mtu aliyekaa usiku akaghushi. Huenda mnakili fulani mnyofu aliona maneno pembeni akadhani yalisahauliwa, akayarudisha ndani kwa nia njema. Matokeo yakawa ni yaleyale.

ERASMUS NA NAKALA ILIYOTOKEA UINGEREZA

Hapa tunapenda kukaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mihadhara yetu mingi inapokosea.

Desiderius Erasmus alikuwa padri na mwanazuoni mkubwa wa Uholanzi. Mwaka 1516, katika mji wa Basel, alichapisha Agano Jipya kwa Kigiriki, na ndilo la kwanza la Kigiriki kuuzwa likiwa limechapwa kwa mtambo. Alifanya kazi kwa haraka na kwa nakala chache za mkono zisizofika kumi. Mfano wa haraka hiyo ni kwamba nakala yake ya kitabu cha Ufunuo ilikosa karatasi ya mwisho, na yeye akazitafsiri aya za mwisho kutoka Kilatini kurudi Kigiriki ili kuziba pengo. Kuhusu mashahidi wa mbinguni, hakuwakuta katika Kigiriki, naye hakuwaweka. Toleo la pili la mwaka 1519 pia halikuwa nao.

Wakamjia juu. Edward Lee wa Uingereza na Zúñiga wa Hispania walimtuhumu kwamba anafungua mlango wa Arius kurudi. Kule Alcalá, Hispania, kulikuwa na Biblia kubwa ya lugha kadhaa iliyosimamiwa na Kardinali Cisneros. Sehemu yake ya Agano Jipya ilichapwa mwaka 1514 ingawa ilichelewa kutolewa, na humo aya hiyo iliwekwa kwa Kigiriki kilichofasiriwa kutoka Kilatini. Erasmus akajibu kwamba yeye ameandika kile alichokikuta katika nakala za Kigiriki.

Hadithi inayosimuliwa, na ambayo sisi wenyewe tumeisimulia darasani mara nyingi, ni kwamba Erasmus aliahidi kuiingiza aya akionyeshwa hata nakala moja tu, na maadui zake wakaitengeneza nakala hiyo, naye akabanwa na ahadi yake. Ni hadithi tamu. Mwaka 1980 mtaalamu wa Uholanzi, Henk Jan de Jonge, alizipitia barua na majibizano ya Erasmus akaonyesha kwamba ahadi hiyo haimo. Bruce Metzger, mmoja wa mabingwa wakubwa wa Marekani katika elimu ya nakala za Agano Jipya, alikuwa ameisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1964. Katika toleo la mwaka 1992 akaandika kwamba inahitaji kurekebishwa kutokana na utafiti wa de Jonge. Tuliposoma hivyo tulipata faraja. Mtu wa daraja lake alikiri kosa kwa maandishi, sisi wa madrasa ya mabati tuna nini cha kuona haya?

Kilichothibiti ni hiki. Ilipatikana Uingereza nakala moja ya Kigiriki yenye maneno hayo. Leo inaitwa Montfortianus, imehifadhiwa Dublin, na wataalamu wanaikadiria kuwa ya mwanzoni mwa karne ya 16, yaani ilikuwa mbichi kabisa wakati huo. Kigiriki chake katika aya hiyo kina kasoro za mtu anayefasiri kutoka Kilatini. Katika toleo la tatu la mwaka 1522 Erasmus aliiingiza aya, akaeleza kwamba anafanya hivyo ili asimpe mtu sababu ya kumkashifu, na akasema anashuku kwamba nakala hiyo imerekebishwa ifuate Kilatini.

Basi ikaingia. Kutoka matoleo ya Erasmus ilipita kwa wachapishaji waliomfuata, ikafika kwenye Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya mwaka 1611, na kwa Biblia hiyo ikasambaa kila walikokwenda wamisionari wa Kiingereza. Martin Luther hakuiweka katika tafsiri yake ya Kijerumani. Wachapishaji waliiingiza baada ya yeye kufa mwaka 1546.

WALIOSEMA, NA WALIOOGOPA KUSEMA

Padri Richard Simon wa Ufaransa aliandika waziwazi mwaka 1689 kwamba aya haina asili katika nakala za Kigiriki. Mwaka uliofuata Isaac Newton, yule yule mwanasayansi ambaye vijana wetu wanamsoma katika fizikia, alimwandikia rafiki yake John Locke risala ndefu juu ya aya hii na nyingine moja, akionyesha karne kwa karne jinsi ilivyoingia. Kisha akaogopa, akazuia isichapishwe. Alikufa mwaka 1727, na risala ikatoka mwaka 1754. Uingereza ya wakati huo kuukataa Utatu hadharani kulimgharimu mtu kazi yake na zaidi.

Kwa upande wa Waislamu, kuna jina ambalo kila mwalimu wa madrasa anapaswa kulijua: Sheikh Rahmatullah al-Kairanawi wa India. Mwezi wa Aprili mwaka 1854, katika mji wa Agra, alijadiliana hadharani na mmisionari wa Kijerumani, Karl Pfander. Pfander alizoea kuwazidi masheikh kwa vitabu vyao. Safari hii Sheikh alikuwa na msaidizi, Dakta Wazir Khan, aliyesomea udaktari London na kurudi na vitabu vya wahakiki wa Ulaya. Wakamwekea Pfander mezani vitabu vya Wakristo wenzake. Akakiri kwamba yapo maeneo machache yaliyobadilika, likiwemo hili la mashahidi watatu, lakini akashikilia kwamba hayaharibu ujumbe wa Injili. Mjadala haukufika mbali zaidi ya hapo. Miaka mitatu baadaye, baada ya maasi dhidi ya Waingereza ya mwaka 1857, Sheikh alikimbilia Makka. Aliandika Izhar al-Haqq akiwa Istanbul, na huko Makka akaanzisha Madrasatus-Sawlatiyya, iliyopewa jina la bibi wa Kihindi aliyejitolea mali yake kuijenga. Alifariki Makka mwaka 1891. Marehemu Sheikh Ahmed Deedat wa Durban, aliyefariki mwaka 2005, alieleza mwenyewe kwamba kitabu hicho ndicho kilichomfungua macho ujanani.

Tunataka vijana walione jambo moja katika kisa cha Agra. Sheikh Rahmatullah hakumshinda Pfander kwa sauti wala kwa kejeli. Alimshinda kwa kusoma vitabu vya wenzake kuliko wenyewe walivyovisoma.

Ndani ya ukristo jambo liliendelea polepole. Mwaka 1881 kamati ya Kanisa la Uingereza iliyoirekebisha Biblia ya Mfalme James iliiondoa aya. Roma ilisita. Mwaka 1897 ofisi ya Vatican inayosimamia itikadi ilitoa tamko kwamba si salama kuukana uhalali wa aya hiyo. Mwaka 1927 ikaeleza kwamba wataalamu wanaruhusiwa kuchunguza na hata kuikataa, ilimradi wako tayari kulitii Kanisa. Na mwaka 1979, Vulgata mpya iliyotolewa na Vatican yenyewe ikatoka bila maneno yale.

TUNACHOWEZA KUDAI NA TUSICHOWEZA

Wanafunzi walifurahi sana kufikia hapa, na mmoja akasema, "Basi Utatu umekwisha." Tulimzuia. Ndugu zetu Wakristo hawaitegemei aya hii peke yake. Watakutajia Mathayo 28:19, panapotajwa Baba, Mwana na Roho katika ubatizo, na mwisho wa Wakorintho wa Pili, 13:14. Wale wa zama za Nikea walijenga itikadi yao bila aya ya mashahidi kabisa, kama tulivyoona. Kwa hiyo hoja yetu ni pungufu ya hapo, na kwa kuwa ni pungufu ni imara: ile aya pekee iliyosema kwa uwazi kwamba watatu ni kitu kimoja si ya mwandishi wa waraka, na hilo limekubaliwa na wataalamu wao. Zilizobaki zinawataja watatu pamoja. Kuwataja pamoja ni jambo moja, na kusema kwamba dhati yao ni moja ni jambo jingine, linalohitaji tafsiri ya wanadamu na mikutano yao.

Upande wa pili tunaziona aya ambazo hazina mabano. Katika Marko 12:29 Issa (A.S.) anaulizwa amri iliyo kubwa, naye anaanza na upweke wa Mungu kama walivyofundishwa Wana wa Israili. Katika Yohana 17:3, akiomba, anamwita Mola wake kuwa ndiye peke yake Mungu wa kweli, na yeye mwenyewe kuwa aliyetumwa. Sisi Waislamu tunaona maneno hayo yanakubaliana na aliyoyateremsha Allah (S.W.) katika Suratun-Nisaa 4:171, anapowaonya Ahlul Kitabu wasipindukie mipaka katika dini yao wala wasiseme utatu. Mkristo atasoma Marko na Yohana kwa namna nyingine, na tutamsikiliza. Suratul-Ankabuut 29:46 imetuamrisha tusijadiliane nao ila kwa njia iliyo bora, na uongo hauwezi kuwa njia iliyo bora hata ukimnyamazisha mtu.

Kijana wetu alirudi kwa mjomba wake siku ya Jumamosi moja. Tulimwambia aanze kwa kuomba radhi juu ya Nikea, na kwamba aseme kosa lilikuwa la mwalimu wake. Alifanya hivyo. Kisha akamwomba mjomba afungue Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya tano. Anasimulia kwamba mjomba alivaa miwani akasoma, akarudia, akapitisha kidole juu ya mabano.

"Nimeisoma aya hii kanisani miaka thelathini," akasema. "Mabano nilikuwa nayaona. Sikuwahi kuuliza ni ya nini."

Akanyamaza kidogo, halafu akafungua Mathayo, sura ya mwisho, akaweka kikaratasi hapo. "Haya mjomba, ile nakuachia. Lakini hii haina mabano. Nenda kamuulize ustadhi wako anasemaje, na safari ijayo uje naye, tule pamoja."

Tumeupokea mwaliko. Kwa sasa tunasoma Mathayo, na In Shaa Allah tutakayoyapata tutayaandika hapa.

Wallahu a'lam.